Choo cha Jahazi: Cha Kubebeka, Kikavu au cha Pampu?

Jahazi la mjomba wangu lilipoanza kulaza wageni kati ya Lamu na Manda, jambo lililotusumbua zaidi halikuwa magodoro wala mapishi, bali choo. Mabaharia wa zamani walijisaidia katika kisanduku kilichoning'inizwa nje ya tezi, yaani nyuma ya chombo. Lakini mgeni anayejitosa majini asubuhi, kando ya chombo kile kile, hawezi kufanyiwa hivyo. Nimevitumia vyoo vya aina tatu katika vyombo mbalimbali, na nimeona kwamba tofauti kubwa baina yao hailetwi na bei, bali na maji ya kuchambia.

Choo cha kubebeka, mfano Porta Potti, ni masanduku mawili yaliyopandana: la juu hubeba maji safi, la chini hupokea uchafu pamoja na dawa ya kuzuia harufu. Hakihitaji fundi wala tundu lolote katika mbao, na kwa mashua ya matembezi ya mchana sioni haja ya kutafuta kingine. Hata hivyo, sanduku la chini huchukua takriban lita 21 tu, na kila anayechamba kwa maji huongeza humo lita moja hivi. Watu wanane hulijaza kwa siku moja, kisha lazima apatikane kijana wa kulipandisha ngazi za gati mbele ya watu.

Choo kikavu, kama Nature's Head kinachotengenezwa Marekani, husifiwa sana na wanaoishi katika mashua za matanga. Mkojo huelekezwa mbele kwenye chupa yake, kinyesi huangukia katika unga wa makumbi ya nazi unaochanganywa kwa mkono wa kuzungusha, na feni ndogo ya volti 12 hutoa hewa yenye unyevu nje. Sifa hizo si za bure, maana harufu kali huzaliwa pale mkojo na kinyesi vinapokutana, na humo havikutani. Lakini kimebuniwa kwa watu wa karatasi. Kopo moja la maji likimwagwa mahali pasipo pake, ule unga hugeuka uji. Mgeni unaweza kumbandikia maelekezo ukutani. Nahodha aliyestanji kwa maji tangu utotoni huna la kumwambia. Zaidi ya hayo, kuyaita yatokayo humo mboji ni kutia chumvi, kwa kuwa mboji halisi huchukua miezi, nayo ndoo huzolewa baada ya wiki chache.

Choo cha pampu ya mkono, ambacho Jabsco ndilo jina linalotajwa zaidi, hakijali maji wala karatasi kidogo. Hatari yake imo katika ufungaji. Kwa kawaida huvuta maji ya bahari kupitia tundu lililo chini ya usawa wa maji, na bomba lisipopindwa juu ya usawa huo na kuwekewa vali ya kuingizia hewa, bahari huweza kujivuta yenyewe hadi bakuli lifurike na ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ijae, chombo kikiwa kimetulia nangani. Isitoshe, viumbe vidogo vya maji ya chumvi hufia ndani ya bomba na kunuka, na mkojo ukichanganyika na maji hayo hujenga ukoko mgumu unaoziba njia.

Hata hivyo tulichagua hicho cha pampu, kwa marekebisho. Tundu la kuvutia maji hatukulitoboa kabisa: maji ya kisima humiminwa bakulini kwa kopo, jambo ambalo halikuhitaji kufundishwa kwa yeyote, na pampu husukuma kila kitu hadi kwenye tenki la lita 60 lililofungwa juu ya usawa wa maji. Tenki hujimwaga lenyewe kupitia ubavuni, tukiwa mbali baharini na kamwe si mkondoni penye mikoko. MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, huzitaka meli kubwa zisimwage maji machafu mabichi ndani ya maili 12 za baharini, na ingawa hailengi chombo kama chetu, ni kipimo kizuri cha kujilinganisha. (Walioniuliza iwapo choo kimeepushwa kuelekea kibla: jahazi lililotia nanga hugeuka na maji kujaa na kupwa, kwa hiyo hilo halina fundi.) Koki ya ubavuni hubaki imefungwa wakati wote mwingine, kwa sababu jahazi likilala kwa upepo wa kusi, tundu lile lililokuwa juu ya maji huzama.