Ubao wa mawimbi niliojiundia Malindi: epoksi, plaiwudi na pezi lililokuwa likiimba

Niseme mapema ili asiye na muda aende zake: ubao wenyewe, wa kusimamia na kuteleza juu ya mawimbi, naupa nyota tatu kati ya tano, epoksi, ile rezini (gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu) niliyoupakia, naipa nne, na mapezi ya plaiwudi niliyochongewa na fundi wa mashua nayapa zote tano. Ile rezini ya galoni wanayozibia bodi za matatu siipi hata moja, ingawa kosa lilikuwa langu.

Kwa wasioijua Malindi: mawimbi ya kupanda huja na kusi, Juni hadi Septemba hivi, pale mwamba ulipoachana na kuiacha ghuba wazi. Ni mawimbi ya upepo, mafupi, yanafuatana mbiombio, na mengi hufa kabla hujasimama vizuri. Saa yake ni alfajiri. Ikifika saa nne upepo umeshika na bahari yote ni vurugu. Mimi nina kilo 84, na ubao niliokuwa nao niliuziwa na mgeni aliyekuwa akirudi kwao: mwembamba, omo (ncha ya mbele) imechongoka, umeundwa kwa mawimbi yenye nguvu ambayo sisi hatuna. Nikiukalia, maji yananifika kifuani.

Kwa hiyo nikachagua umbo la samaki. Lilianzia San Diego, California, mwaka 1967, kwa kijana aitwaye Steve Lis aliyekuwa akiteleza amepiga magoti. Ubao ni mfupi na mpana, tezi, yaani sehemu ya nyuma, limegawanyika kama mkia wa samaki, na chini yake kuna mapezi mawili yenye kitako kirefu na kimo kifupi. Upana ule hubeba mtu hata wimbi likiwa goigoi. Wangu niliukata futi 5 na inchi 8, upana inchi 21 na nusu, unene inchi 2 na nusu. Watu wa kazi hii hupima kwa futi na inchi, na mafundi wetu wa mbao vilevile, kwa hiyo hapo hatukugombana.

Stairofomu ya kufungia friji usihangaike nayo. Ukiibonyeza kwa kidole gumba, shimo linabaki. Nilitafuta ile ya ujenzi, nzito kidogo, kilo 20 kwa mita ya ujazo. Nikaipasua katikati, nikagundisha ufito wa saipras kati ya vipande viwili uwe uti wa mgongo, kisha nikakata umbo kwa waya uliopashwa moto na betri ya gari. Sehemu hii ni ya raha. Ukikosea, msasa unakusamehe.

Rezini haisamehi. Rezini ya poliesta, ile ya galoni inayouzwa pamoja na kichupa cha kigandishi, ina stairini ndani yake, na stairini huila stairofomu kama maji yanavyokula sukari. Nilikuwa nimesoma hivyo. Lakini muuzaji aliniapia kwamba yake haina shida, na bei ilikuwa ya kutamanisha. Nikapaka kwenye kipande cha majaribio, nikaenda kuswali adhuhuri, niliporudi kipande kimekuwa bakuli. Nashukuru kilikuwa kipande tu. Viwandani poliesta hutumika sana kwa sababu huko kiini huwa povu la poliurethani, ambalo halidhuriki nayo. Desemba 2005 kiwanda cha Clark Foam huko California, kilichokuwa kikiwauzia povu waundaji wengi wa Marekani, kilifunga ghafla, na wengi wao ndipo walipogeukia stairofomu na epoksi. Wao walilazimishwa na uhaba, mimi na bakuli.

Epoksi ilikula zaidi ya nusu ya pesa zote nilizotenga. Ni nzuri, hainuki sana, inashika kila kitu ikiwemo nywele za mkono. Shida ni joto letu. Chupa imeandikwa una dakika 25 kabla haijaganda, lakini hizo ni dakika za mahali penye nyuzi joto 25. Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha mabati mwezi wa Aprili. Kikombe cha kwanza kilianza kufuka moshi mkononi sijafika hata nusu ya ubao. Dawa yake ni kuchanganya kidogo kidogo na kumwaga yote papo hapo juu ya kitambaa cha faibaglasi kinachofunika povu. Epoksi ikitandazwa nyembamba haipandi joto, bali ikikaa imejazana kikombeni hujichemsha yenyewe.

Kosa la pili lilinichukua wiki kulielewa. Nilikuwa napaka asubuhi, na kila mara vinatokea vipovu vidogo, mamia, kama uso wa chapati. Stairofomu imejaa hewa. Jua likipanda, hewa ile hutanuka na kutoka kupitia rezini ambayo bado ni mbichi. Anza baada ya alasiri, joto likiwa linashuka, na povu litavuta rezini ndani badala ya kuitema. Tangu nilipobadili saa, sijaona kipovu. Asubuhi yake utakuta uso una utando wa kuteleza kama sabuni, kwa sababu ya unyevu wa pwani. Uoshe kwa maji na sabuni kabla ya kupaka tena, la sivyo tabaka la juu litabanduka.

Kuhusu kitambaa, madukani utapewa ule mkeka wa nyuzi zilizomwagwa ovyo, wa kutengenezea matangi na maboti. Usiuchukue. Gundi inayoushikilia imekusudiwa kuyeyuka kwenye poliesta, kwa hiyo epoksi haiupenyi vizuri, halafu unakunywa rezini kama mchanga. Unachotaka ni faibaglasi iliyofumwa, gramu 200 kwa mita ya mraba. Yangu ililetwa na binamu anayeishi Bristol, pamoja na visanduku vya chapa ya Futures vya kuchomekea mapezi. Na vaa glavu na barakoa ya maana. Mimi nilijifanya mwanamume siku mbili, nikapata upele viganjani uliokaa mwezi mzima.

Ubao ulitoka na kilo nne na ushei, mzito kuliko wa kiwandani wa saizi hiyo, na ubavu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto. Ndiyo maana ya nyota tatu. Lakini unaelea, na nikiukalia maji yananifika kiunoni tu.

Sasa mapezi, ambayo nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Zamani ubao haukuwa na pezi kabisa. Wahawaii waliteleza juu ya mbao tupu wakizielekeza kwa mwili na kwa kuburuza mguu majini. Aliyeweka pezi la kwanza ni Mmarekani Tom Blake, mwaka 1935, akitumia kipande cha mkuku wa boti. Nilipomsimulia fundi habari hii alicheka, akaniuliza: hao watu walikaa miaka yote hiyo bila usukani?

Jozi ya kwanza niliichonga mwenyewe kwa mvule. Ilipendeza hata nikaipiga picha. Siku ya pili pezi la kushoto liligusa mchanga likakatika kitakoni, safi kama biskuti. Nikalipeleka kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza mashua, mtu aliyejuana na marehemu baba yangu.

"Ami, mti huu mbovu?"

Akaligeuza mara moja tu. "Mti mzima, mwanangu. Wewe ndiye uliyeulaza. Nyuzi zake zinakwenda mbele na nyuma, nawe unataka zisimame kutoka kitakoni mpaka nchani. Taruma la mashua halikatwi hivi."

Jozi ya pili ni aibu ya nyumbani. Nilikata kibao cha plastiki cha kukatia nyama. Kinapinda mno, na epoksi haishiki plastiki ile hata uisugue vipi. Mke wangu bado anadai kibao chake.

Jozi ya tatu ndiyo ya fundi: plaiwudi ya milimita 9, ya kuhimili maji. (Angalizo: mbao nyingi wanazoziita "marini" madukani ni zile nyekundu za kumwagia zege. Chungulia ukingoni, ukiona matundu kati ya tabaka, iache.) Uzuri wa plaiwudi sikuutarajia. Nyuzi za tabaka moja huenda wima, za pili huenda kando, kwa hiyo haina upande wa kukatikia. Kisha ukiipiga randa kuleta mviringo, tabaka zinajitokeza kama mistari ya kina kwenye ramani ya bahari. Mistari ikipinda sawa kwenye mapezi yote mawili, umepatia. Mistari ikienda mrama, unaona pale pale umekula wapi zaidi. Upande wa ndani huachwa bapa, wa nje huvimba, na unene mkubwa hukaa karibu theluthi moja kutoka ukingo wa mbele. Fundi hakuhitaji kuelezwa hilo mara mbili. Alinitoza ujira wa siku moja. Nilisubiri wiki tatu, kwa kuwa wavuvi walikuwa mbele yangu kwenye foleni, na hilo silinung'unikii.

Siku ya kwanza majini, nikishika kasi, nasikia chini ya miguu sauti: mmmmm, kama nzi ndani ya chupa. Nikadhani ni ubao unapasuka. Fundi alipitisha kidole kwenye ukingo wa nyuma wa pezi la kushoto, akasema, "Hapa pana kisigino." Epoksi ilikuwa imejikusanya hapo, ukingo ukawa mnene na butu, na maji yakiuacha ukingo butu hujisokota huku na huku na kulitikisa pezi. Dakika kumi za msasa namba 220, likanyamaza. Na kasi ikaongezeka, ya kuhisiwa kabisa, si ya kujidanganya.

Kilichobaki ni ubao kuvuta upande mmoja, nao kila mara ulivuta kushoto. Nililaumu ubavu ule mnene, nikalaumu mguu wangu, nikalaumu mkondo. Mwisho nikachukua kipimo, nikakuta sanduku la kushoto nimelitega vibaya: ncha yake ya mbele imeingia kuelekea uti wa mgongo milimita 3 kuliko la kulia. Milimita tatu! Nililichimbua kwa patasi, nikalitega upya, na ule uvutaji ukaisha siku hiyo hiyo. Ukiniuliza nini cha kuogopa katika kazi hii yote, sitakutajia rezini tena. Nitakuambia pima visanduku mara nne.

Jozi ya nne niliifanya kwa udadisi. Miaka ya 1960 George Greenough wa California alichonga pezi la faibaglasi kwa kufuata mkia wa jodari, nene kitakoni, jembamba nchani, linalopinda na kurudi. Jodari tunao. Nikaenda diko, wavuvi wanakoshusha samaki, asubuhi na katoni na kalamu, nikachora mkia wa mmoja kabla hajakatwa, wachuuzi wakinitazama kama mgonjwa. Nikabandika tabaka 30 hivi za faibaglasi kupata kama milimita 7, nikachonga kwa grainda. Rezini niliyotumia hapo ingetosha kupaka upande mmoja wa ubao. Yanageuka vizuri mno, ubao unazunguka kama unageukia kisigino, lakini kwenye ukuta wa wimbi tezi linaponyoka. Wimbi letu linakupa sekunde tatu nne za kukimbia moja kwa moja. Hapo kitako kirefu cha plaiwudi kinashika njia na kukufikisha. Mikia ya jodari nimeihifadhi kwa safari, iwapo nitapata wimbi la kuifaa.

Nta ya kupaka juu usiagize ng'ambo. Nta ya nyuki kutoka kwa wafugaji wa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, ichanganywe na mafuta kidogo ya nazi, inatosha. Ukizidisha mafuta utateleza kabla ya wimbi kufika.

Kusi ya mwaka huu imebakisha wiki chache. Nahisi visanduku vimekaa nyuma mno, ubao unakuwa mzito wa kugeuka, kwa hiyo nataka kuvisogeza inchi moja mbele na kuchongewa jozi nyingine yenye kitako kifupi kidogo. Plaiwudi nimeshanunua. Fundi ameniambia nisimletee kabla hajamaliza kutia kalafati mashua ya watu.