Kompyuta Mpakato Kama Monita ya Kamera: Tathmini ya Cam Link 4K

Wapiga video wengi wanaoanza kazi huamini kuwa tundu la HDMI lililo ubavuni mwa kompyuta mpakato litapokea picha kutoka kwenye kamera. Halipokei, kwa kuwa kwenye karibu kompyuta zote tundu hilo hutoa picha tu, kuipeleka kwenye televisheni au projekta. Lazima kiwepo kifaa cha kati cha kunasa picha, na ninachokitathmini hapa ni Elgato Cam Link 4K, kidude chenye umbo la flashi kinachopokea HDMI upande mmoja na kuchomekwa kwenye USB 3.0 upande wa pili. Hunasa 1080p kwa fremu 60 kwa sekunde, au 4K kwa fremu 30. Kwa kutazama tu, 1080p inatosha kabisa.

Kwa mahojiano ya ndani, mpangilio huu naupendekeza bila kusita. Kioo cha inchi 15 hufichua mambo ambayo kile cha inchi 3 nyuma ya kamera huyapitisha: maikrofoni iliyopinda kwenye kola, jasho linalong'aa kwenye paji la uso, fokasi iliyotua sikioni badala ya jichoni. Mwongozaji na mteja nao hukaa pembeni wakatazama bila kumsonga mpiga picha.

Hata hivyo, rangi na mwanga visiaminiwe kabla ya kompyuta kuandaliwa. Zima kipengele cha kompyuta kiitwacho mwanga wa usiku (Night Light), ambacho hugeuza kila uso kuwa wa rangi ya chungwa, na uzime pia marekebisho ya mwanga yanayojiendesha yenyewe. Katika OBS Studio, programu isiyolipiwa inayoonyesha picha ya kamera kwenye kompyuta, hakikisha kiwango cha rangi (Color Range, yaani Full au Limited) kinalingana na kile kinachotolewa na kamera. Visipolingana, ama shati jeusi litaonekana kijivu, ama vivuli vyote vitazama gizani, nawe utabadilisha mwanga wa kamera ilhali picha inayorekodiwa haikuwa na kasoro yoyote. Vioo vya bei nafuu vya aina ya TN hubadilisha weusi kila vikiinamishwa, kwa hiyo chagua kompyuta yenye kioo cha aina ya IPS, kisichobadilika hivyo.

Picha huchelewa kidogo kufika kwenye kioo. Ucheleweshaji huo hausumbui mhojiwa akiwa ameketi, lakini anayevuta fokasi kwa mkono huku mtu akitembea atakuwa nyuma ya tukio kila mara, na huyo lazima atazame kioo cha kamera yenyewe. Sauti pia isikilizwe kwa vipokea sauti vilivyochomekwa kwenye kamera.

Juani ndipo mpangilio huu unaposhindwa. Kompyuta nyingi za kawaida zina mwangaza wa niti (kipimo cha mwangaza wa kioo) 250 hadi 300, ilhali monita ya Atomos Ninja V, yenye kioo cha inchi 5, hufikia niti 1000, na hata hiyo huhitaji kivuli saa sita mchana. Kwa anayefuata maharusi kutoka ukumbini hadi ufukweni, kompyuta mpakato ni mzigo usiokuwa na faida, na fedha zake ziende kwenye monita halisi.

Kabla ya kununua, thibitisha kuwa kamera yako inaweza kutoa picha safi kupitia HDMI, isiyo na maandishi ya menyu. Kama tundu lake ni la HDMI ndogo kabisa (micro HDMI), funga waya kwenye fremu ya kamera au mguu wa tripodi, kwa maana tundu hilo hulegea upesi waya ukivutwa, na kulibadilisha ni kazi ya fundi.