Nikkor 28mm f/2: lenzi moja, filamu na dijitali

Wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo tunaongelea lenzi waidi, yaani zinazochukua eneo pana, za kufokasi kwa mkono, zile zenye apecha kubwa, lile tundu la kupitisha mwanga, maana watu wengi sasa hivi wamejinunulia kamera ya filamu na kabatini wana ya dijitali na hawataki kulipia lenzi mara mbili. Nitasema mapema ili mwenye haraka achukue jibu aende zake: tafuta Nikkor, lenzi ya Nikon, 28mm f/2, toleo la AI au AI-S, hii hapa mkononi kwangu. Sio f/1.4 na sio f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, apecha ni kubwa zaidi). Sasa wanaobaki tubishane kidogo.

Kwa nini Nikon kwanza. Maunti ya Nikon F, yaani pale lenzi inapofungwa kwenye kamera, ipo tangu 1959, AI ikaja 1977, kwa hiyo hii lenzi leo naifunga kwenye FM2, kamera ya filamu ya 1982, inapiga, kesho naifunga kwenye D750 ya dijitali inapiga, hamna adapta hamna nini. Na kama una mirolesi, ile dijitali isiyo na kioo cha kurusha picha ndani, ndo rahisi kabisa, maana kwenye Nikon F kutoka maunti mpaka filamu ni milimita 46.5, Sony E ni 18 tu, Nikon Z ni 16, hiyo nafasi inayobaki ndo adapta inakaa humo, bomba la chuma tupu bila kioo ndani. Hata Canon EF ambayo ni 44 inaipokea. Canon FD, maunti yao ya zamani ya filamu, ndo ina matatizo, yenyewe ni 42, kwa hiyo ukiileta kwenye DSLR ya Canon, ile dijitali yenye kioo cha kurusha picha, unahitaji adapta yenye kioo ndani la sivyo vitu vya mbali havifokasi, na vile vioo vya bei ya chini vinaua picha. Kwenye mirolesi FD iko poa na bei yake ni ya kistaarabu, simpingi mtu.

Ila wenye Nikon ndogo nisikilizeni vizuri. D3000 na wenzake wote, D5000 na wenzake wote, lenzi inaingia, inapiga, lakini mita ya mwanga haisomi kitu, unakisia mwenyewe. D7000, D7100, D7200 zinasoma. D7500 wakaja wakakitoa kile kijino cha kusoma ringi ya apecha, sijui waliwaza nini, mtu ananunua kamera mpya zaidi anapata pungufu. D610, D750, D850 hazina shida, unaingia tu kwenye menyu unaiambia kamera hii lenzi ni milimita 28 na ni f/2, basi. Na usibebe lenzi ya kabla ya AI ukailazimisha kwenye kamera ya kisasa, inaweza kuvunja hicho kijino. Kuitambua AI ni rahisi, angalia hapa karibu na maunti, namba za apecha ziko mistari miwili, kubwa na ndogo. AI-S ile f/22 imepakwa rangi ya machungwa.

Haya, f/2 ya nini kama f/2.8 ni rahisi zaidi na nyepesi zaidi? Watu wengi wanadhani apecha kubwa ni kwa ajili ya kufifisha nyuma. Kwa waidi sahau hiyo. Hesabu yake hii hapa: ukifokasi mtu aliye mita 2 kwa 28mm f/2, vinavyoonekana vikali ni kuanzia kama mita 1.7 mpaka mita 2.4 hivi, nyuma kunalainika kidogo tu, sio ile portreti ya 85mm unayoijua. Faida yenyewe iko kwingine. Kwenye dijitali giza likiingia unapandisha ISO, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, mpaka 3200 unaendelea na maisha, ila kwenye filamu umeshaweka roli ya 400 na ni hiyo hiyo mpaka iishe. Chukua sebule ya kawaida usiku, taa za kawaida, kwa ISO 400 na f/2 unapata kama shata 1/30 ya sekunde, na kwa 28mm mkono ukitulia unaishika hiyo. Kwa f/2.8 umeshuka 1/15, mtu akigeuza kichwa tu amekuwa moshi. Ni stopu moja, yaani nusu ya mwanga, lakini ndo stopu inayoamua kama picha ipo au haipo.

Faida ya pili hawaisemi sana, na mi naona inalingana na hiyo ya kwanza: kidirisha cha kuchungulia. Kamera ya filamu inakuonyesha picha lenzi ikiwa wazi kabisa, kwa hiyo lenzi ya f/2 inakupa mwanga mara mbili ya f/2.8 kwenye jicho lako, na waidi ni ngumu kufokasi kuliko lenzi ndefu kwa sababu kila kitu kinaonekana kidogo na kila kitu kinaonekana kama kiko fokasi, wakati filamu ikirudi unakuta hakikuwa. Kile kiduara cha katikati kinachokata picha vipande viwili, kwenye FM2 na f/2 jioni bado nakitumia. Kwenye DSLR hamna kiduara, kuna kale kataa ka kijani ka kukubali fokasi, kanasaidia nusu nusu. Mirolesi unakuza picha unaona unyusi, hapo hakuna ubishi, kwa kazi ya fokasi ya mkono mirolesi imeshinda.

Sasa mtasema basi tuchukue 35mm f/1.4. Lenzi nzuri, sikatai, na filta yake ni 52mm kama hii hii. Ila kwa f/1.4 ina ule ukungu ukungu kwenye taa, kontrasti imelala, wapo wanaopenda, na mtu wa mita 2 una sentimita 27 hivi tu za kucheza nazo. Ukifika f/2 inatulia, na kama utaipiga f/2 mi nauliza umelipia nini, maana bei yake imechangamka sana. Halafu kuna upana. Angalia hii picha, kichochoro cha Mji Mkongwe, Zanzibar, mgongo wangu uko ukutani kabisa, kwa 35 mlango ule usingeingia. 28 inaingia sehemu za kubanana bila kuvuta nyuso za watu pembeni kama 20 au 21.

Isipokuwa kama dijitali yako ni ya sensa ndogo, yaani kile kinachopokea picha ndani ni kidogo kuliko fremu ya filamu. Hapo 28 inageuka kama 42, upana wote umeisha, wewe nenda 24mm f/2.8, upoteze stopu moja ila waidi ibaki waidi kidogo.

Pembeni za picha kwa f/2, kiukweli, laini na giza giza. Ukifunga mpaka f/5.6 zinakaa sawa. Kwa karibu ndo hii lenzi inashangaza, inafokasi mpaka sentimita 25, na ndani kuna vioo vinavyosogea tofauti tofauti kadri unavyokaribia ili ukali usife, Nikon wanaita CRC.

Kuna waliouliza zile Voigtländer ndogo ndogo za maunti ya Leica M, Nokton 35mm f/1.4 na kadhalika. Nzuri kwa filamu, ila nyingi kioo cha nyuma kinakaa karibu sana na filamu, na ukiipeleka kwenye Sony yenye kioo kinene juu ya sensa pembeni zinapakazika, na mara nyingine rangi inahama. Lenzi za SLR, kama hii ya Nikon, zimeundwa kuruka kile kioo cha kurusha picha ndani ya kamera kwa hiyo mwanga unafika umenyooka zaidi, sensa inazipenda.

Kitu kimoja kuhusu adapta: nyingi za bei rahisi ni fupi kidogo kwa makusudi, kwa hiyo alama ya mbali kabisa kwenye ringi inapitiliza na namba za mita zinadanganya. Ule ujanja wa kuweka f/8 ukafokasi mita 3.3 na kila kitu kuanzia mita 1.7 hadi upeo wa macho kiwe sawa, kwenye filamu unafanya bila hata kuchungulia, kwenye adapta hakikisha kwa skrini kwanza.

Mwisho, kununua. Hizi zote ni za mtumba na sisi wa pwani unyevu wetu unajulikana, fangasi wanakula vioo. Fungua apecha mpaka f/2, washa tochi ya simu upande wa nyuma, chungulia mbele kwa kuinamisha inamisha. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando, acha. Vumbi kidogo sio tatizo. Halafu sukuma kale kamkono ka apecha nyuma, majani yafunge na kufunguka chap, yakijivuta kuna mafuta yamevuja. Zungusha ringi mwanzo mwisho usikie kama inakwaruza. Muuzaji akikwambia hapa hatufungui mfuniko wa nyuma, mrudishie lenzi yake mkononi, msalimie, ondoka.