Mita 20 badala ya uwanja: tathmini ya jaribio la mbio la Loughborough

Jaribio hili, lililochapishwa mwaka 2000 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough nchini Uingereza, ndilo ninalolitumia zaidi ninapotaka kumchosha mchezaji wa soka jinsi mechi inavyomchosha. Vifaa vyake ni vichache: koni zilizopangwa kwa umbali wa mita 20, spika ya kutoa milio, na saa ya kupimia mbio za kasi. Mchezaji hutembea mara tatu kati ya koni, hukimbia mara moja kwa kasi yake yote, hupumzika sekunde 4, kisha hukimbia mara tatu kwa asilimia 55 ya uwezo wake wa juu wa kutumia oksijeni na mara tatu kwa asilimia 95. Mzunguko huo hurudiwa kwa dakika 15 katika kila kimoja cha vipindi vitano, vyenye mapumziko ya dakika 3 kati yake, ndipo inapokuja sehemu ya mwisho, ambayo mtu hukimbia mpaka ashindwe.

Kwa utafiti wa vinywaji, chakula na akiba ya glikojeni (wanga unaohifadhiwa mwilini) misulini, naliamini kwa dhati, kwa sababu kila mtu hupewa mzigo unaolingana na pumzi zake, yaani uwezo huo wa kutumia oksijeni, na mzigo huohuo humrudia wiki inayofuata. Katika mechi halisi, mbio za kasi za mchezaji yuleyule hupanda na kushuka sana kutoka mchezo mmoja hadi mwingine, hata faida ndogo ya kinywaji ikapotea humo.

Hata hivyo, hakuna mpira, hakuna kuruka wala kukabana, na kila kugeuka ni kwa nyuzi 180. Niliwahi kuchutama kando ya koni katika kipindi cha nne, nikamwona mchezaji akigeuka kwa mguu wa kulia kila mara, goti likiingia ndani na soli ikiwa imelika upande mmoja. Tangu siku hiyo humwagiza kila mshiriki abadilishe miguu. Anayechunguza misuli ya nyuma ya paja ni afadhali atumie SAFT90, jaribio jingine la dakika 90 la kuiga mechi, ambalo lina kukwepa nguzo na kwenda kinyumenyume, na anayetaka pasi na mashuti alitazame jaribio la Copenhagen.

Pumzi za mshiriki zipimwe siku kadhaa kabla, kwani zikikadiriwa juu mno, atakata tamaa kabla ya kipindi cha tatu na data yake yote itakuwa ya kutupwa.