Ndege ndogo kutoka Dodoma hadi Nairobi: cheti kamili au kibali maalumu?

Mwenye Cessna 172, ndege ndogo ya kiwandani, yenye cheti kamili cha ubora wa kuruka ana kazi nyepesi. Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 33, unazitaka nchi wanachama zikitambue cheti hicho, mradi kilitolewa kwa viwango visivyo chini ya vile vya kimataifa. Anawasilisha mpango wa safari, anapitia uwanja wa Kilimanjaro (KIA) kugongewa pasipoti, kisha anatua Wilson, uwanja wa ndege ndogo Nairobi. Gharama yake ni matengenezo: fundi mwenye leseni, vipuri vyenye hati. Hapo mfuko hutoboka.

Ndege ya kujiundia nyumbani ni rahisi zaidi kuimiliki, lakini mara nyingi huruka kwa kibali maalumu, na kibali hicho nguvu yake huishia mpakani. Ukitaka kuingia Kenya, uiombe Kenya yenyewe ruhusa. Ukiendelea Uganda, uombe tena. Kila nchi na masharti yake, na jibu laweza kuwa hapana. (Bima nayo isome vizuri kabla hujawasha injini.)

Kwa kuzunguka Dodoma na Singida tu, ningechukua ya pili. Kwa kuvuka mipaka kila mwezi, hapana, sithubutu.