Ofisi moja, vitabu viwili: tathmini ya utawala wa pamoja wa Papua na New Guinea, 1945–1975

Huduma inayopimwa hapa, yaani utawala mmoja wa Australia juu ya Papua na New Guinea, ilifungwa tarehe 16 Septemba 1975, Papua New Guinea ilipopata uhuru. Wateja wake, wakazi wa nusu ya mashariki ya kisiwa cha New Guinea na visiwa vya jirani, hawakuulizwa kama wanaitaka. Ndiyo maana tunaipima kwa jinsi ilivyofika kijijini. Matangazo ya Canberra, mji mkuu wa Australia, tunayaweka kando.

Kabla ya vita eneo hilo lilikuwa na serikali mbili zilizotazamana kwa mbali. Kusini kulikuwa na Papua, himaya ya Uingereza tangu 1884, iliyokabidhiwa Australia mwaka 1906 na kuongozwa na Hubert Murray tangu 1908 hadi alipofariki 1940. Kaskazini kulikuwa na New Guinea, koloni la Mjerumani lililotekwa na Australia mwaka 1914, kisha likashikwa kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa. Anayeijua historia ya Tanganyika ataitambua njia hiyo bila kuonyeshwa. Kila upande ulikuwa na polisi wake, mahakama yake na watumishi wake. Kijijini, Papua ilimweka konstebo. New Guinea ilimweka luluai, mithili ya jumbe, pamoja na tultul, msaidizi na mkalimani wake. Polisi wa kusini waliongea Kimotu chao cha kazini, wa kaskazini Tok Pisin, lugha ya mseto iliyojengwa juu ya Kiingereza.

Mwaka 1939 kamati ya Australia ilikaa kuchunguza kama tawala hizo ziunganishwe, ikashauri ziachwe zilivyo. Miaka mitatu baadaye Wajapani waliiteka Rabaul, makao makuu ya New Guinea, serikali zote mbili za kiraia zikasimama, na jeshi likaunda kikosi cha utawala kilichoitwa ANGAU. Maofisa wa kusini na wa kaskazini wakajikuta chini ya amri moja. Muungano, basi, ulianza kama kazi ya dharura, na tabia hiyo haukuiacha kabisa.

Sehemu iliyotengenezwa vizuri kuliko zote ni makabidhiano. Tarehe 30 Oktoba 1945 serikali ya kiraia ilirudi kwa sheria ya muda, chini ya J. K. Murray (hakuwa ndugu wa yule wa kwanza). Haikuchukua kila kitu siku moja. Ilianzia kusini, jeshi likaendelea kushika kaskazini, kisha wilaya moja baada ya nyingine ikahamishwa hadi katikati ya 1946. Utaratibu ulikuwa wa akili: watumishi kwanza, idara baadaye, sheria ya kudumu mwisho. Palipoharakishwa palionekana mara moja. Oktoba hiyohiyo mikataba ya vibarua ilifutwa na watu wakarudishwa makwao. Kwa kibarua ilikuwa haki iliyochelewa, ila mashamba na ujenzi mpya vilibaki bila mikono.

Mhudumu mkuu alikuwa kiap, bwana shauri wa huko. Neno lenyewe ni masalia ya Kijerumani. Vijana hawa walipitia chuo kimoja cha utawala kule Mosman, Sydney, kwa hiyo aliyepelekwa Daru kusini na aliyepelekwa Madang kaskazini walifanya kazi ile ile kwa fomu zile zile. Kiap alitoka kituoni kwa miguu na polisi wachache na wapagazi. Akifika kijijini alipanga watu kwa kaya, akasoma majina katika daftari la kijiji, akaongeza waliozaliwa na kuwafuta waliokufa, akauliza nani yuko vibaruani na wapi. Kisha alisikiliza mashauri, akakagua njia na vyoo, akaandika maoni yake katika daftari na kuliacha hapo hapo kwa mkuu wa kijiji, ambaye mara nyingi hakuweza kulisoma. Ripoti ya safari ilikwenda kwa mkuu wa wilaya, naye akaipeleka Port Moresby pamoja na maoni yake. Udhaifu ni kwamba kiap alikuwa polisi, hakimu, karani na mhandisi wa barabara kwa wakati mmoja. Shauri lililomhusu yeye mwenyewe lilikuwa halina pa kwenda.

Upande wa sheria ndipo alama zinaposhuka. Sheria ya Papua na New Guinea ya 1949, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai mwaka huo, iliweka msimamizi mmoja, utumishi mmoja, mahakama kuu moja na baraza moja la kutunga sheria. Lakini New Guinea ilikuwa imewekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa tangu Desemba 1946. Mkataba uliruhusu muungano wa kiutawala. Haukuruhusu eneo hilo kumezwa. Kwa hiyo majina mawili yalibaki, na sheria za zamani za kila upande ziliendelea hadi zifutwe moja moja. Ofisi ile ile iliandika ripoti mbili kila mwaka, moja ikienda New York. Hata fedha zilifungwa: matumizi ya New Guinea kwa mwaka hayakutakiwa kupungua chini ya mapato yaliyokusanywa huko. Kifungu hicho kilikuwa kinga nzuri, ila kilimlazimu mhasibu kuendelea kuuchora mpaka ambao mwenzake wa idara ya pili alikwisha kuufuta.

Uraia ulikuwa kichekesho kichungu. Mpapua alikuwa raia wa Australia kwa karatasi. Jirani yake wa kaskazini alikuwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Australia. Hakuna kati yao aliyeruhusiwa kuingia Australia bila kibali.

Kasoro nzito zaidi ilikuwa ardhi. Rejista za hati za New Guinea, nyingine za enzi ya Mjerumani, zilipotea vitani. Mwaka 1951 ikatungwa sheria ya kuzirejesha: mdai anapeleka maombi na ushahidi wowote alio nao, kamishna anachunguza, wenye pingamizi wanasikilizwa, ndipo hati mpya inaandikwa. Kwa shamba lisilo na mgogoro mpango ulitosha. Penye mgogoro, wenyeji walipata nafasi ya kuuliza swali la zamani: je, kampuni ya Kijerumani iliinunua ardhi hii kweli, na kwa nani? Shauri la uwanda wa Jomba, karibu na Madang, lilifika Mahakama Kuu ya Australia mwaka 1964. Kurejesha karatasi tu bila kupima uhalali wake ilikuwa njia ya mkato, na gharama yake ililipwa kwa miaka.

Baraza la 1951 tunalipita haraka: wajumbe 29, wenyeji watatu. Bunge lililochaguliwa na watu wote lilikuja 1964. Kwa lugha, wateja walijiamulia. Mwaka 1953 Umoja wa Mataifa ulihimiza Tok Pisin iachwe, nayo ikaendelea kuvuka mpaka wa zamani kwenda milima ya kusini bila kumwomba mtu ruhusa.

Nyota tatu kati ya tano: nne kwa watumishi, mbili kwa sheria. Malalamiko ya mwisho mwisho yalitoka pande zote mbili. Machi 1975 Josephine Abaijah na chama chake cha Papua Besena walitangaza uhuru wa Papua, na Septemba mosi Bougainville, kisiwa cha upande wa New Guinea, ikatangaza wake.

Lililobaki ni mahali pa ofisi. Rabaul ilikuwa imefunikwa na majivu ya volkano 1937, ikapigwa mabomu vitani. Lae, iliyochaguliwa kuirithi 1941, nayo iliharibiwa. Port Moresby ikabaki makao makuu. Mtu wa Sepik, kaskazini, mwenye shida ya kufika huko alihitaji ndege au meli, na hadi leo hakuna barabara inayoiunganisha Port Moresby na Lae.