Charis Books, Decatur: nilikwenda kununua kitabu cha mtoto

Nianze na aibu yangu. Safari ya kwanza nilijifanya nimekuja kumtafutia mpwa wangu zawadi. Mtu aliyekulia Mombasa haingii hivi hivi kwenye duka la vitabu ambalo Atlanta nzima, huku Marekani, inajua ni la kifeministi, na ambalo wateja wake wengi ni wanawake wanaopenda wanawake. Nilipita mlangoni mara mbili nikitazama simu ambayo haikuwa inalia.

Bahati nzuri vitabu vya watoto wanavyo kweli, vingi na vizuri. Nikasimama na kitabu cha tembo mkononi, macho yakiwa rafu ya pili. Muuzaji akanisalimu, akasema nikihitaji kitu nimwite, akarudi kwenye kazi yake. Basi. Kuna duka jingine hapa mjini, kubwa, ambako mlinzi alinifuata rafu hadi rafu mpaka nikatoka bila kununua kitu. Hapa nilikaa saa nzima.

Duka lilifunguliwa 1974 mtaa wa Little Five Points, Atlanta. Linda Bryant ni mmoja wa waliolianzisha. 2019 likahamia Decatur, mji ulio jirani na Atlanta, kando ya chuo cha wanawake cha Agnes Scott, mwendo wa kama dakika 15 kwa miguu kutoka kituo cha treni. Miaka ya 1990 maduka ya namna hii Marekani na Kanada yalikuwa zaidi ya 100. Yakaja maduka makubwa yenye matawi kila mji, ikaja Amazon, mengi yakafunga. Charis ina shirika pacha lisilo la faida, Charis Circle, linaloandaa mijadala na jioni za kusomeana.

Jioni moja ya hizo ndiyo iliyonifanya mteja. Pembeni yangu alikaa mama mwenye mvi, kashika kitabu chembamba kilichobandikwa gundi ya karatasi mgongoni. Akanionyesha jina la mchapishaji: Kitchen Table, iliyoanzishwa 1980 na wanawake Weusi na wenzao wasio Wazungu, Barbara Smith akiwemo, kwa kuwa walitaka wachape wenyewe badala ya kungoja hisani ya wengine. Akasema zamani ukihamia mji mgeni, kwanza ulitafuta duka la vitabu la wanawake. Ubao wa matangazo ndio ulikuwa na chumba cha kupanga, wakili, daktari asiyekutukana.

Akaniuliza kwetu tunaitwaje. Nikamwambia pwani shoga ni rafiki yako wa kike wa kufa na kuzikana, mwanamke humwita mwenzake hivyo mchana kweupe, na neno hilo hilo kinywani mwa mtu mwingine ni tusi. Alicheka, akaniomba nilitamke tena. Sikuwahi kulitamka kwa sauti ile mbele ya watu.

Kuhusu bei: kitabu kipya ni bei ya jaladani, na mtandaoni utakipata kwa dola chache pungufu. Nalipa hiyo tofauti. Viti vya jioni ile mtu kavilipia. Walio mbali wanaweza kuagiza kupitia tovuti yao.

Sasa naenda moja kwa moja rafu ninayoitaka, ila cha mtoto bado nachukua kimoja. Mpwa wangu ana vitano, na juzi kaniuliza kwenye simu kama shangazi hawezi kutuma mpira.